Toa Vyombo Kwenye Boksi: Mwongozo wa Kuridhika kwa Mkristo Anayengoja

Aya mbili za Biblia zimeenea mitaani kwetu kuliko nyingine ninazozijua: Yeremia 29:11 na Wafilipi 4:13. Utazikuta kwenye vioo vya nyuma vya daladala, kwenye kalenda za makanisa, kwenye sare za kwaya, kwenye kadi za mahafali na kwenye status za asubuhi. Ya kwanza inahusu mema ambayo Mungu anawawazia watu wake. Ya pili inahusu nguvu za Kristo zinazomwezesha mtu katika kila hali. Tunazipenda, na ni haki tuzipende. Shida ni kwamba tumezoea kuzisoma kama ahadi za kuhama: kuhama chumba cha kupanga, kuhama kazi isiyolipa, kuhama useja, kuhama madeni. Na anayeishi kwa ahadi ya kuhama huwa hapandi kitu, hafungui mizigo, hajuani na jirani.

Fungua uzisome barua zenyewe ambamo aya hizo zimo. Ya kwanza iliandikiwa mateka walioambiwa kwamba hawarudi kwao karibuni. Ya pili iliandikwa na mfungwa. Zote mbili zinafundisha namna ya kukaa.

Mwongozo huu ni wako wewe unayengoja kitu: nyumba iishe, mtoto apatikane, ajira itoke, ugonjwa upone, mume au mke aje. Sikuambii uache kungoja. Ninachokuomba ni kwamba maisha yako yasisimame wakati unangoja, kwa sababu Mungu unayemtarajia kesho yuko na wewe leo, hapo hapo ulipo.

Hanania alisema miaka 2

Mwaka 597 KK Nebukadneza, mfalme wa Babeli, alimchukua mateka mfalme Yekonia pamoja na wakuu wake, mafundi na wahunzi wa Yerusalemu. Haukupita muda mrefu, nabii mmoja aitwaye Hanania akasimama hekaluni mbele ya makuhani na watu wote, akatangaza kwamba ndani ya miaka 2 mateka wote watarudi na vyombo vya hekalu vitarejeshwa. Ili watu waamini, aliivua nira ya mti ambayo nabii Yeremia aliivaa shingoni kama ishara ya kuutumikia Babeli, akaivunja mbele yao. Yeremia mwenyewe alikuwa ameitikia amina, maana naye alitamani iwe hivyo. Lakini neno alilopewa na Mungu lilikuwa jingine: miaka 70.

Yeremia aliwaandikia mateka barua, ikapelekwa Babeli kwa mkono wa Elasa na Gemaria. Aliwaagiza wajenge nyumba na kukaa ndani yake, wapande bustani na kula matunda yake, waoe na kuozesha watoto wao, wautakie heri mji ule wa ugenini na kuuombea. Ile aya tunayoipenda inakuja baada ya maagizo hayo, na aya inayoitangulia inaitaja miaka 70 waziwazi. Maana yake ni kwamba wengi walioisikia barua ile ikisomwa walizeeka na kuzikwa Babeli, na bado Mungu alikuwa akiwawazia mema siku zote hizo.

Walitii. Kuna vibao vya udongo kutoka Babeli, vilivyoandikwa kuanzia mwaka 572 KK, vyenye majina ya familia za Kiyahudi zilizokuwa zikiishi vijijini huko. Kimojawapo cha vijiji hivyo kiliitwa Al-Yahudu, yaani mji wa Yuda. Vibao hivyo ni mikataba na risiti za kawaida kabisa: mashamba waliyolima, tende na shayiri walizolipa, madeni, mauziano. Watu wale waliendelea kumngoja Mungu, na huku wakaishi.

Nimewarudia Hanania na Yeremia kwa sababu kila tarehe 31 Desemba makanisa yetu hujaa watu wanaotaka kusikia neno la miaka 2. Mwaka wa kuvuka. Mwaka wa kuinuliwa. Mwaka wa kumiliki. Mkesha ni jambo jema, na kuomba mwaka uwe na heri ni haki ya kila mtoto wa Mungu. Lakini nimewaona wapendwa wakifika Novemba wamevunjika moyo, wakidhani imani yao ndiyo iliyopungua, kumbe walikabidhiwa tarehe ambayo Mungu hakuitoa. Ukisikia unabii wa mwaka, uitikie amina kama Yeremia alivyoitikia. Kisha rudi nyumbani upande bustani.

Mahali pa kuanzia ni chini ya kitanda

Namfahamu mama mmoja wa kwaya anayeishi chumba na sebule, Mbagala. Yeye na mumewe wana kiwanja upande wa Chanika na pagale limesimama pale kwa miaka mingi, kuta tupu zinazongoja bati. Chini ya kitanda chao kuna boksi la sahani za udongo zenye maua ya buluu, glasi sita, jagi na mapazia mapya ambayo bado yako kwenye nailoni. Vyote ni vya nyumba ile. Huku sebuleni familia inakula kwenye sahani za plastiki zilizopauka, moja imeungua ukingoni kwa sufuria ya moto. Kifungua mimba wao alizaliwa wakiwa kwenye chumba hicho, akasoma, akamaliza kidato cha nne, akaenda chuo mkoani. Aliondoka nyumbani hajawahi kulia chakula cha mama yake kwenye sahani nzuri.

Basi hatua ya kwanza ni hii, na uifanye wiki hii: tafuta kitu ulichokiweka kwa ajili ya maisha yatakayokuja, ukitoe, ukitumie. Inaweza kuwa sahani, shuka, khanga doti mpya, ile Biblia yenye jalada la ngozi uliyozawadiwa. Sahani ikivunjika, imevunjika ikifanya kazi yake.

Ukishatoa vyombo, angalia na mambo mengine uliyoyafungia. Je, umekataa kujuana na wapangaji wenzako kwa sababu wewe ni wa kupita tu? Je, uko kanisani bila kujiunga na jumuiya wala kikundi kwa kuwa unatarajia kuhama? Je, una nafasi ya ndoo mbili za mchicha pale uani na hujapanda kwa sababu si kwako? Yeremia aliwaambia mateka wauombee mji uliowateka. Wewe ombea mtaa wako kwa majina: mwenyekiti wa serikali ya mtaa, walimu wa shule ya msingi iliyo karibu, mtaro unaofurika masika, vijana wa kijiwe cha bodaboda. Ni vigumu kudharau mahali unapopaombea kila siku, na ni rahisi zaidi kuona kwamba Mungu ana shughuli hapo.

Sala ya asubuhi iwe ya leo

Sikiliza unavyoomba. Wengi wetu tukipiga magoti alfajiri tunaruka siku yote iliyo mbele yetu na kwenda moja kwa moja kwenye yale makubwa: nyumba, gari, safari, ndoa. Siku yenyewe, yenye foleni na vikohozi na wateja wakorofi, inabaki bila kuombewa, ndipo tunaishi masaa kumi na sita tukiwa wenyewe.

Bwana Yesu alitufundisha kuomba chakula cha siku moja. Mzizi wa sala hiyo uko jangwani, Kutoka 16, ambako Waisraeli waliokota mana kipimo kimoja kwa kila mtu, kama lita 2 hivi, asubuhi baada ya asubuhi. Aliyeokota nyingi hakuzidiwa, aliyeokota kidogo hakupungukiwa, na aliyeificha mpaka kesho yake aliikuta ina mabuu na inanuka. Mungu angeweza kuwapa ghala. Alichagua kuwapa asubuhi, ili kila jua likichomoza wamwone yeye.

Jaribu hivi. Kabla hujashika simu, kaa kitandani au mkekani umtajie Mungu siku yako kama ilivyo: leo nina foleni ya Ubungo, nina mtu anayenidai nitakutana naye sokoni, nina mtoto aliyekohoa usiku kucha, nina shilingi 7,000 mpaka jioni. Taja kila kimoja, na kwa kila kimoja omba kinachotosha leo. Yale makubwa ya kesho yaweke mwishoni, kwa sentensi moja, uyaache hapo. Jioni, kabla ya kulala, rudi kwenye orodha ile ile uone kilichotokea. Usiridhike na shukrani ya jumla ya kwamba Mungu ni mwema. Sema: mtoto hakukohoa mchana, anayenidai alikubali nusu, ugali ulitosha na jirani akala. Shukrani isiyo na majina husahaulika hata kabla hujazima taa.

Usichanganye hili na kutoweka akiba. Siku ya sita Waisraeli waliruhusiwa kuokota mara mbili, na Yusufu aliweka nafaka ya Misri kwa miaka 7 ya shibe. Akiba ya bima ya afya, ya ada ya Januari, ya mbegu za masika, hiyo ni hekima. Mana iliyooza ni ile iliyofichwa na mtu ambaye hakuamini kwamba Mungu atakuja tena asubuhi.

Paulo alifundishwa, nawe utafundishwa

Sasa barua ya pili. Mapokeo yanasema Paulo aliwaandikia Wafilipi akiwa kifungoni Roma, karibu miaka ya 60 hadi 62 BK. Mfungwa wa wakati huo alitegemea ndugu na marafiki kwa chakula na mavazi, na Wafilipi walikuwa wamemtuma Epafrodito na zawadi. Katika kuwashukuru ndipo Paulo anaeleza kwamba amejua kuwa na vichache na kuwa na vingi, kushiba na kuona njaa, na kwamba hali zote hizo amejifunza kuridhika nazo. Aya ya 13 inafuata hapo. Nguvu anayoitaja ni nguvu ya kukaa na njaa bila kuvunjika, na ya kukaa na shibe bila kuharibika.

Alijifunza. Neno hilo linanipa faraja kubwa. Hakuzaliwa na moyo wa kuridhika, na hakuwekewa mikono akaupokea usiku mmoja. Kwa hiyo usijilaumu kama umeomba moyo wa kuridhika Jumapili na Jumanne ukajikuta unanung'unika. Uko darasani.

Tena soma barua hiyo yote uone kuridhika kwake kulivyokuwa na machozi ndani yake. Epafrodito aliugua karibu kufa, na Paulo anakiri kwamba angekufa, yeye angekuwa na huzuni juu ya huzuni. Anawaza juu ya wanawake wawili waliokosana kanisani Filipi. Anapanga kumtuma Timotheo na anatumaini kwenda mwenyewe. Mtu aliyeridhika, basi, anaweza kuhuzunika, kupanga safari na kuhangaikia watu, vyote katika ukurasa mmoja.

Ukitaka mahali pa kujifunzia, chagua kazi moja unayoichukia. Katika karne ya 17 aliishi Paris mtawa mmoja wa Wakarmeli, Ndugu Lawrence, ambaye jina lake la kuzaliwa lilikuwa Nicolas Herman. Alikuwa askari, akaumia mguu, kisha monasterini akapangiwa jikoni, kazi ambayo kwa asili yake hakuipenda hata kidogo. Alikaa jikoni humo miaka mingi, baadaye akahamishiwa kushona viatu vya watawa. Njia yake ilikuwa rahisi kuieleza: alizungumza na Mungu katikati ya masufuria, akiifanya kila kazi ndogo kwa kumpenda yeye, mpaka akaona kwamba saa ya jikoni na saa ya sala hazikuwa mbali tena. Alifariki mwaka 1691, na mazungumzo na barua zake zilikusanywa na padri mmoja, Joseph de Beaufort, zikasomwa na Wakristo wa madhehebu mengi hadi leo.

Kazi yako unayoichukia unaijua. Labda ni kufua mashuka ya mgonjwa, kusimama kwenye foleni ya mwendokasi, kusahihisha madaftari ya darasa la wanafunzi mia, kuamka saa kumi usiku kukanda unga wa maandazi. Kwa mwezi mmoja ifanye hiyo iwe kanisa lako dogo. Ukianza, mwambie Mungu unaianza. Katikati, umwambie ukweli hata kama ukweli ni kwamba umechoka. Ukimaliza, umshukuru kwamba imekwisha. Usitafute hisia yoyote. Mkono ukizoea, moyo hufuata pole pole.

Fedha, na namba ambayo hujaiandika

Hapa inabidi tukae kidogo, maana kutoridhika kwetu kwingi kunakuja na risiti.

Katika Mithali 30 kuna sala ya mtu aitwaye Aguri ambayo sijawahi kuisikia ikiombwa kwenye mkesha. Anamsihi Mungu asimpe umaskini wala utajiri, bali chakula kinachomfaa, kwa kuwa akishiba sana atamkana Mungu na akikosa sana ataiba. Aguri alikuwa na kiasi chake. Sisi hatuna. Keti na mwenzi wako, au peke yako kama huna, uandike kwenye daftari kiasi kinachotosha nyumba yenu kwa mwezi: kodi, chakula, ada, nauli, maji, umeme, dawa, sadaka, wazazi kijijini, akiba. Iwe namba halisi ya shilingi. Wengi hawajawahi kuiandika, ndiyo maana hakuna mshahara unaoifikia. Ukishaiandika utajua mambo mawili. Kama unapata pungufu ya hapo, una shida ya kweli inayohitaji mbinu, msaada na sala, wala usijione huna imani. Kama unapata zaidi, ujue kwamba kinachokukosesha usingizi hakitokani na upungufu.

Kabla hujakopa, jiulize mkopo huo unazalisha, unaponya, au unaficha aibu. Mikopo ya kausha damu, pamoja na ile ya kwenye simu, hustawi katika kundi la tatu: sare ya harusi, mchango wa send-off, simu mpya ya kuonekana nayo. Kama huna mchango wa kamati, mpigie mwenye shughuli umwambie, utoe ulichonacho au ujitolee kupika. Kama tayari umenaswa, usikae na siri hiyo. Leo hii mweleze mwenzi wako au mzee wa kanisa unayemwamini, andika kila deni na riba yake, uulize kama SACCOS au VICOBA vya karibu vinaweza kukusaidia kulihamisha deni kwenye riba ndogo. Deni linalofichwa hukaa na wewe kwenye sala, mezani na kitandani. Likisemwa linabaki kuwa hesabu, na hesabu ina namna yake ya kulipwa.

Kisha toa. Kidogo, kwa mtu unayemwona kwa macho. Makanisa ya Makedonia, na Filipi likiwa mojawapo, yalitoa yakiwa katika umaskini mkubwa, tena kwa kusihi wapewe nafasi ya kutoa. Paulo anaeleza katika 2 Wakorintho 8. Anayetoa kibaba cha unga kwa jirani aliyefiwa amejithibitishia kwamba anacho.

Wivu, saa ile ile unapowaka

Petro, akiwa ameshaambiwa na Bwana mfufuka habari za kifo chake mwenyewe, aligeuka akamwona mwanafunzi mwingine nyuma yao akauliza: na huyu je? Yesu alimjibu kwamba la huyo halimhusu, yeye amfuate. Kila ukifungua status za wenzako unauliza swali la Petro. Huyu amejenga. Huyu amepata mapacha. Huyu kapandishwa cheo.

Ushauri wangu ni kutoruhusu wivu ulale ndani. Siku hiyo hiyo mpigie simu huyo mtu, kwa sauti yako, umpongeze. Ukishindwa kupiga, muombee kwa jina, uombe nyumba yake iwe na amani na hao mapacha wakue. Mara ya kwanza maneno yatakuwa mazito mdomoni. Asafu katika Zaburi 73 anakiri kwamba miguu yake ilikuwa karibu kuteleza kwa kuwaonea wivu wenye kustawi, mpaka alipoingia patakatifu. Aliupeleka wivu wake mbele za Mungu ukiwa bado wa moto, na huko ndiko macho yalikofunguka. Kama status zinakuumiza kila siku, zizime kwa watu wale watatu au wanne unaowajua, bila ugomvi.

Kisichoitwa kuridhika

Sehemu hii naiandika kwa uchungu, kwa kuwa fundisho hili limetumika vibaya.

Mke anayepigwa akaambiwa na wazee aridhike na alichopewa na Mungu, amedanganywa. Mfanyakazi asiyelipwa akaambiwa Mkristo hanung'uniki, amedanganywa. Yakobo 5 inasema mshahara uliozuiliwa unapiga kelele na Mungu anausikia. Paulo yuleyule wa Wafilipi, katika mji huo huo wa Filipi, alichapwa viboko na kutupwa gerezani bila hukumu. Usiku waliimba, yeye na mwenzake Sila. Asubuhi mahakimu walipotaka kuwatoa kimya kimya, Paulo alikataa, akadai waje wenyewe, kwa kuwa waliwapiga raia wa Roma bila kesi. Waliposoma barua yake kuhusu kuridhika, Wafilipi walikuwa wanamkumbuka mtu huyo aliyedai haki yake mlangoni mwa gereza. Vilevile aliwaambia watumwa wa Korintho kwamba wakipata nafasi ya uhuru waitumie.

Kwa hiyo kama unapigwa, nenda Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, na utafute mahali salama kwanza. Kama umezuiliwa mshahara au umefukuzwa bila haki na uko Tanzania, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi mapema, maana muda wa kufungua shauri ni mfupi. Omba ukiwa njiani. Kuridhika kutakuja kuishi ndani yako ukiwa unadai haki, na kutakusaidia usidai kwa chuki.

Na kama umefiwa, usijilazimishe lolote la mwongozo huu. Zaburi za maombolezo ni nyingi, na Zaburi ya 88 inaishia gizani bila neno la faraja. Iko ndani ya Biblia kwa ajili yako. Isome, ulie, waache watu wakuletee uji.

Usijifunze peke yako

Kwenye ibada nyingi ushuhuda umekuwa wa waliopata: kazi, viza, kiwanja, uponyaji. Ni vizuri tumshangilie Mungu kwa hayo. Lakini aliyekaa miaka mitano bila kupata hana cha kusema, na baada ya muda anaamini kwamba hana cha kushukuru.

Wazee wetu wa uamsho wa Afrika Mashariki walikuwa na namna nyingine. Mwaka 1929, kwenye kilima cha Namirembe, Kampala, daktari Joe Church aliyekuwa akifanya kazi hospitali ya Gahini nchini Rwanda alikutana na Simeoni Nsibambi, wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Katika miaka ya 1930 moto ule ulienea Rwanda, Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika. Ndugu walikutana kila wiki, na ushuhuda wao ulikuwa wa hali ya moyo wiki hiyo: nimemwonea wivu ndugu huyu, nimedanganya kwenye hesabu, nimemkasirikia mke wangu, na damu ya Yesu imenisafisha. Mkulima asiye na kitu na mwalimu mwenye baiskeli walikuwa na la kusema sawasawa.

Tafuta mtu mmoja au wawili mfanye hivyo. Inaweza kuwa baada ya mazoezi ya kwaya, au Jumamosi mnapokutana jumuiya, au hata kwenye simu mkiwa miji tofauti. Kila mmoja aseme mambo matatu: nilichonung'unikia wiki hii, nilichopewa ambacho sikukiomba, na ninachokingoja bado. Asikatizwe, asihubiriwe, asipewe mfano wa mtu mwingine aliyefanikiwa. Mwingine amwombee kwa sentensi chache, kwa siku zile saba zilizo mbele tu. Asiye na la kusema aruhusiwe kunyamaza na kusikiliza, na wiki ijayo aulizwe tena.